Hiyo namba ya nguvu ya faiba, imepimwa kwa haraka gani?

Haya niliyaongea Jumamosi jioni Kigamboni mbele ya mafundi wa faiba, ile ya nyuzi za kioo na resini tunayojengea boti, manahodha na wanafunzi wachache wa uhandisi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimeondoa tu salamu ndefu na pale maiki ilipokata.

Wazee shikamooni, mafundi habari za kazi, na nyie vijana wa chuo mliovuka na pantoni mambo vipi. Mi sina karatasi ya kusoma, nina vipande viwili vya faiba hapa mezani na swali moja. Ukienda kununua mati, ile mikeka ya nyuzi za kioo, na resini, ile gundi ya majimaji inayoganda, siku hizi wauzaji wengine wanakupa na karatasi ya vipimo, imeandikwa nguvu ya kuvuta megapaskali 90, yaani mzigo inaoubeba kila kieneo kabla ya kukatika, nyingine 100, fundi anaiangalia, anakunja, anaweka mfukoni maisha yanaendelea. Sasa swali langu, hiyo 90 wameipata wakivuta kwa haraka gani? Maana faiba ya 90 ukiivuta polepole haiwi 90 ukiigonga ghafla, na wala haiwi 90 ukiiachia mzigo juu yake miaka mitatu. Kitu kile kile, unene ule ule, fundi yule yule, namba tatu tofauti. Na katika hizo tatu, ya kukukosesha usingizi sio ile ya kugongwa, ingawa kila mtu anaogopa kugongwa, ntafika huko.

Tuanze na karatasi yenyewe. Maabara wanakata kipande kama rula, upana milimita 25, wanabana ncha mbili kwenye mashine, katikati tuseme inabaki sentimita 15 ya kuvutwa. Utaratibu wa Marekani unaoitwa ASTM D3039 unapendekeza mashine ivute kwa mwendo wa milimita 2 kwa dakika. Kwa dakika jamani, sio kwa sekunde! Ukisimama pale unaweza kudhani umeme umekatika. Faiba ya kioo inarefuka kama asilimia 2 hivi ndio inakatika, kwenye sentimita 15 hiyo ni milimita 3, kwa hiyo dakika moja na nusu nzima kuanzia imeanza kuvutwa mpaka pah. Hiyo ndio iliyozaa namba iliyoko mfukoni kwako.

Sasa njoo baharini. Boti imetoka Kunduchi, kusi limechachamaa, omo inapanda juu ya wimbi alafu chini hamna maji, inaanguka mita moja. Hesabu ya kidato cha tatu tu, kitu kikianguka mita moja kinafika chini na mwendo wa mita 4.4 kwa sekunde, na ganda la chini pale mbele linapigwa na maji, presha inapanda ndani ya milisekunde kadhaa, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tuseme ganda limejikunja mpaka likarefuka nusu ya asilimia ndani ya milisekunde 10. Linganisha na ile mashine, ni haraka zaidi ya mara 2000. Kwa hiyo hiyo karatasi haijawahi kukutana na wimbi hata siku moja.

Ila upande wa pili, boti hiyo hiyo ikipandishwa ufukweni ikalazwa juu ya magogo mawili miezi minne inasubiri injini, hapo ni mzigo wa polepole kuliko maabara, tena polepole mno. Maabara iko katikati, na sisi tunaishi pembeni kote kuwili.

Kwanini haraka inabadilisha kitu? Faiba ni vitu viwili vimeoana, nyuzi na resini, na kila kimoja kina tabia yake, wengi wanachanganyikiwa kwa sababu wanataka jibu moja la vyote.

Resini ni minyororo mirefu ya molekuli iliyofungwafungwa pamoja, na mzigo ukija ile minyororo inataka kujisogeza ijipange upya. Ni kama kupita Kariakoo wiki ya sikukuu, ukienda taratibu watu wanakupisha mmoja mmoja unafika unakoenda, ukiingia mbio unakutana na ukuta. Ukiivuta resini polepole minyororo inapata muda wa kupishana, inakuwa laini na inasalimu amri mapema. Ukiivuta ghafla muda huo haipati, inakakamaa, inabeba zaidi, ila pia inakuwa kavu, inapasuka bila kukupa dalili kwamba inanyooka. Kwa hiyo kila kazi inayofanywa na resini, mfano kushikilia tabaka zisiteleze au kuzuia nyuzi zisiachane upande upande, inapanda na haraka.

Nyuzi za kioo nazo? Kioo hakina minyororo ya kupishana, kwanini nacho kijali haraka? Hapa ndio patamu, jibu ni maji. Kuna Mwingereza anaitwa Griffith, alikuwa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, mwaka 1921 alionyesha kwamba kioo hakivunjiki kwa udhaifu wa kioo chenyewe, kinavunjika kwa sababu ya nyufa ndogo sana zilizoko juu yake ambazo jicho halizioni, na ukikivuta kikawa uzi mwembamba zile nyufa zinapungua, nguvu inapaa. Ndio maana uzi wa kioo aina ya E, huu tunaotumia wote humu, ukiwa mpya haujaguswa unafika megapaskali 3400 hivi, wakati kioo cha dirisha ukiegemea vibaya kimeenda. Sasa ukiuvuta uzi, kila ufa mdogo unafunguka kwenye ncha, na unyevu unaingia pale unakata viungo vya kioo kimoja kimoja. Ile ni kemia, na kemia inataka muda. Mwaka 1967 Wiederhorn wa Marekani alipima ufa kwenye kioo unavyotembea hewa ikiwa kavu na ikiwa na unyevu, na unyevu ukiongezeka ufa unakimbia zaidi kwa mzigo ule ule. Ukikiweka kioo kwenye naitrojeni iliyopoozwa mpaka ikawa kimiminika, nyuzi joto 196 chini ya sifuri, ambapo maji hayawezi kufanya kazi yake, kioo hicho hicho kinakuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo ukiuvuta uzi ghafla maji hayajawahi kufika kwenye ncha, unakutana na nguvu yote ya kioo. Ukiuvuta taratibu unayapa maji nafasi. Na unyevu wa Dar sina haja ya kuwaelezea, shati tu ukianika mwezi wa nne halikauki.

Nyuzi za kaboni hazina ugonjwa huo. Maji hayazikati, na zenyewe sio plastiki. Oxford mwaka 1983 Harding na Welsh walivuta vipande kwa haraka sana na kwa polepole, kaboni na epoksi, ambayo ni resini ya aina nyingine, ikivutwa kufuata nyuzi haikujali kabisa, namba ile ile, wakati ya kioo ilipanda waziwazi, nguvu na ukakamavu, yaani kugoma kurefuka, vyote. Kevlar, nyuzi za fulana za kuzuia risasi, iko katikati, maana ile aliyoivumbua Stephanie Kwolek kule DuPont mwaka 1965 yenyewe ni minyororo ya plastiki iliyonyooshwa, inajua muda ni nini.

Ngoja kwanza, kijana wewe wa shati la bluu njoo hapa mbele. Shika hiki kipande, ni cha ganda la zamani, mati mbili za gramu 450 kwa mita ya mraba na resini ya poliesta ya kawaida. Kikunje. Taratibu. Taratibu zaidi bwana sio kuni hizo. Wengine nyamazeni kidogo. Mnasikia? Tik. Tik tik. Ile sauti ni resini inapasuka ndani na nyuzi zinaachana nayo, na kipande bado kizima, ukikiachia kinarudi karibu kilivyokuwa. Angalieni hapa kwenye mkunjo pameanza kuwa peupe, ule weupe ni nyufa ndogo ndogo zinazotawanya mwanga, hakuna rangi hapo. Fundi akiona weupe huo kwenye ganda asiupake gelkoti, lile tabaka la rangi la nje, akasema ni uchafu.

Hiki cha pili nakilaza juu ya mbao hizi mbili nakigonga na nyundo. Mara moja. Haya, mlio mmoja tu, hakuna tik tik. Hakijavunjika, na nimekipiga kwa nguvu kweli. Upande niliopiga kuna alama ndogo kama kucha. Geuza. Huku nyuma weupe ni kama kiganja, tena una miale kama nyota. Pitisheni mkono kwa mkono mkiangalie, ntakirudia.

Kwa namba sasa, maana vijana wa chuo wananiangalia kwa jicho la namba ziko wapi. Kwa faiba ya kioo, kila unapozidisha mwendo mara kumi nguvu ya kuvuta inapanda kwa asilimia chache, haipandi kwa kuruka, inapanda kwa hatua hizo za mara kumi mara kumi, kwa hiyo ile mara 2000 ya wimbi letu ni hatua tatu na kidogo tu. Kwenye kaboni kuna kazi nzuri ya Koerber, Xavier na Camanho ya mwaka 2010, walichukua kaboni na epoksi ya ndege inaitwa IM7-8552, wakaikandamiza upande, yaani kukatisha nyuzi, kwa haraka kubwa mno, nguvu ikapanda karibu asilimia 45, na ile nguvu ya kuzuia kuteleza ikapanda asilimia 40 na kitu. Hiyo ni resini inajibu, hakuna maajabu.

Maajabu yako mwaka uliofuata. Koerber na Camanho wakaikandamiza ile ile kufuata nyuzi. Mtu angesema basi, kaboni haijali haraka, tumeshaambiwa na watu wa Oxford. Ikapanda kama asilimia 40. Ukakamavu ukabaki pale pale, nguvu ikapanda. Imekuwaje? Ni kwamba ukivuta uzi, uzi ndio unakatika. Ukiukandamiza uzi haukatiki, unapinda, na kinachouzuia usipinde ni resini iliyouzunguka. Hamna uzi ulionyooka sawasawa ndani ya faiba, kila mmoja una kosa lake la digrii moja au mbili, ukikandamiza lile kosa linakua, resini inajitahidi kulishikilia, ikisalimu amri nyuzi zote zinajikunja kwa pamoja kama mkono ulioteguka. Kwa hiyo nguvu ya kukandamiza kaboni ni nguvu ya resini imevaa koti la kaboni. Mi hili ndilo nalipenda kuliko yote kwenye somo hili, maana ukilielewa hauhitaji kukariri jedwali lolote, unajiuliza tu kwenye kuvunjika huku nani anafanya kazi, uzi au resini, alafu unajua kama haraka itasaidia au laa.

Mtaniuliza watu wanapimaje kitu kinachoisha ndani ya sehemu ya milisekunde. Hadithi yake ni ndefu kidogo. John Hopkinson mwaka 1872 kule Manchester alikuwa anaangusha uzito kwenye waya wa chuma, akaona kukatika kunafuata mwendo wa kugonga kuliko uzito wenyewe. Mwanae Bertram mwaka 1914 akaja na fimbo ndefu ya chuma ya kupimia mshindo, yeye alikufa 1918 kwa ajali ya ndege. Mwaka 1949 Kolsky akaigawa fimbo mara mbili, kipande cha kupima kidogo kama sarafu unakibana katikati, fimbo moja inagongwa, wimbi linakimbia ndani ya chuma mita kama 5000 kwa sekunde, linapita kwenye kipande, linaingia fimbo ya pili, na sensa zilizogundishwa kwenye fimbo zinasoma kilichotokea. Wataalamu mpaka leo wanatumia hiyo hiyo. Mashine ya kawaida ukiilazimisha iende haraka hivyo inaanza kulia yenyewe kama kengele, unapima mtikisiko wa mashine alafu unaandika ni nguvu ya faiba. Kwa hiyo ukiona mtu anakwambia faiba yake ikigongwa inakuwa mara mbili, muulize kwanza amepimaje, zile ongezeko kubwa kubwa sio zote ni za kweli.

Haya. Kufikia hapa najua kuna fundi anawaza, basi kumbe wimbi linaipa faiba nguvu za bure, mi nipunguze tabaka moja niokoe hela ya resini. Hapana mzee wangu, usifanye hivyo.

Kwanza kile kipande cha nyundo kiko wapi? Kirudishe. Kimebeba pigo zima, sawa, hakijakatika. Lakini ndani tabaka zimeachana, na huku mbele nilikopiga ukipita unaona kucha tu. Kwenye kaboni ndio mbaya zaidi kwa sababu ni nyeusi, hamna weupe wa kukuonyesha. Ile Boeing 787-8 ya Air Tanzania iliyotua Dar Julai 2018, karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya aina hii, na watu wa ndege wana utaratibu kabisa wa kuangusha uzito kwenye kipande, kikishaumia kwa ndani bila kuonekana wanakikandamiza kuona kimebaki na nguvu gani, na ndege inasanifiwa ikijua kwamba fundi anaweza kudondosha spana juu ya bawa na asione kitu. Hiyo ni kwa spana, alafu kuna kunguru, na kunguru wa mji huu mnawajua wanavyojaa. Sheria ya Marekani ya ndege kubwa inataka mkia uvumilie kugongwa na ndege hai wa kilo 3.6 na safari iishie salama, kunguru wetu ni mdogo sana kwa hilo.

Na haraka ya pigo inabadilisha hata mahali pa kuumia. Boti ikigusa gati taratibu lakini na uzito wake wote, ganda lina muda wa kujikunja, kwa hiyo tabaka zinaachana eneo pana, huko ndani kwenye mataruma, zile mbavu za boti. Jiwe likirushwa kwa kasi ganda halipati muda wa kujikunja, linatobolewa pale pale, tundu dogo, majirani wazima. La jiwe unaliona unaziba jioni hiyo hiyo. La gati unaondoka nalo. Kwa hiyo mkishagonga gati chukueni sarafu, gonga gonga taratibu kuzunguka sehemu hiyo, faiba nzima inalia kavu na kali, iliyoachana inalia butu. Sarafu ya shilingi mia inatosha, hauhitaji mashine ya ultrasauti.

Pili, na hili ndilo nililosema ntafika, mzigo wa polepole. Kumbukeni maji na ncha ya ufa. Ukiuning'iniza mzigo kwenye faiba ya kioo ukauacha, haikatiki leo, haikatiki mwaka huu, lakini zile nyufa zinatembea. Siku moja inakatika kwa mzigo ule ule iliyobeba miaka, hakuna aliyeongeza kitu. Wamarekani wa zege kwenye mwongozo wao wa ACI 440.1R wa 2006, ambao unahusu nondo za faiba, wameandika mzigo wa kudumu usizidi asilimia 20 ya nguvu kwa nondo za kioo, 30 kwa aramidi ndio Kevlar na ndugu zake, 55 kwa kaboni. Soma tena hizo namba. Nondo ya kioo ambayo maabara kwa dakika chache imebeba tani kumi, kwa maisha yake yote mwongozo huo ulikuruhusu uitegemee tani mbili! Na hapo hatujasema mawimbi, ni kukaa tu. Sababu ni kioo na unyevu, na ndani ya zege kuna na chumvichumvi za alkali zinazochangia. Nimesikia watu hapa mjini wameanza kuziulizia kwa ajili ya nyumba za ufukweni kwa sababu hazili kutu, ni kweli hazili kutu, ila ukibadilisha nondo ya chuma kwa ya kioo moja kwa moja kwenye boriti bila kumuuliza mhandisi anayejua hili la mzigo wa kudumu, umejitafutia balaa.

Kwenye boti mzigo wa kudumu uko wapi? Uko kwenye magogo mawili niliyosema. Nendeni ufukweni mkaangalie boti iliyokaa muda mrefu, pale inapogusa gogo ganda limebonyea, na ukiiinua halirudi. Uko kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini, injini imeinuliwa imelala vile mchana na usiku, mwaka mzima, kilo zake zote zinavuta kona mbili za juu. Uko kwenye tangi la maji lililofungwa kwa mikanda ya faiba. Sehemu hizo hazipigwi na wimbi kali, kwa hiyo fundi anaziwekea tabaka chache. Mi naona ni kinyume chake kabisa.

Na joto ni ndugu wa polepole. Resini ikipata joto minyororo inachangamka, inapishana kirahisi, kwa hiyo saa moja kwenye jua kali inaweza kufanya kazi ya siku nyingi kivulini. Williams, Landel na Ferry waliandika hesabu ya jambo hilo mwaka 1955 na inatumika mpaka kesho. Poliesta ya kawaida ikifika nyuzi joto 60 au 70 inaanza kulegea, na ganda la rangi ya bluu iliyoiva limelala jua la saa nane Januari halihitaji msaada mwingi kukaribia huko. Rangi nyeupe sio urembo tu. Alafu kuna hii ya hadina, ile dawa ya kugandisha resini, naomba tuambiane ukweli. Joto la Dar linafanya resini ishike haraka, fundi anapunguza hadina ili apate muda wa kupaka, anaenda chini ya asilimia 1. Itakauka juu, utaigusa na mkono ni ngumu, lakini ndani minyororo haijafungwa yote, na resini ya hivyo inalegea chini ya mzigo wa kudumu kuliko iliyokomaa. Changanya kidogo kidogo, fanya kazi asubuhi, weka kivuli, lakini hadina iache kwenye asilimia 1 mpaka 2 kama mtengenezaji alivyoandika.

Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili matatu.

Nahodha mmoja mtu mzima kidogo aliuliza, mwanangu, mbona boti yangu imepigwa na mawimbi miaka kumi na haikupasuka, imekuja kupasuka imefungwa gatini bahari shwari? Nikamwambia mzee, mawimbi yaliacha nyufa ndogo, kila pigo kidogo, ile tik tik mliyoisikia, na maji yakaingia kwenye nyufa hizo mpaka kwenye nyuzi, alafu pale gatini kamba ilikuwa imevuta kona moja usiku na mchana. Pigo la mwisho halikuwepo kwa sababu halikuhitajika. Akasema kamba kweli ilikuwa imekazwa sana. Hapo wote wakaanza kuongea kwa pamoja kuhusu kamba.

Mwanafunzi akauliza kwenye usanifu atumie namba ipi kati ya tatu. Tumia ile ya polepole na ya kulowa, kama unaweza kulowesha vipande kwenye maji ya bahari wiki kadhaa kabla ya kuvuta fanya hivyo. Ile nyongeza ya haraka ichukulie kama ipo, mshukuru Mungu, lakini usiiandike kwenye hesabu. Sehemu pekee ningeiandika ni kama unasanifu kitu ambacho kazi yake ni kugongwa tu, tena umepima mwenyewe kwa haraka hiyo, na joto hilo.

La mwisho lilitoka kwa fundi anayejenga boti za kasi za watalii wa kisiwa cha Mbudya, anataka kuongeza tabaka moja ya kaboni juu ya mati za kioo chini kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti, ili iwe ngumu zaidi wakati wa mawimbi. Wazo lina mvuto na kaboni imeanza kupatikana. Shida ni hii, kaboni ya kawaida inakatika ikirefuka asilimia 1.5 hivi, kioo kinavumilia zaidi ya hapo, na kaboni ndio kakamavu zaidi, kwa hiyo mzigo wote unaikimbilia yenyewe kwanza. Ukija wimbi, kioo kinaongezeka nguvu kwa ile haraka, kaboni haiongezeki chochote ikivutwa, pengo kati yao linazidi. Kaboni inakatika peke yake na mzigo wote unamwagwa kwenye mati kwa mshindo mmoja. Na pale chini ni mahali mkuku unagusa mchanga kila ukitua, utakuwa umeweka kitu cha bei pale kinapokwaruzwa. Nikamshauri hela hiyo anunue povu au mbao nzuri, aweke mataruma mawili ya ziada kwa urefu ndani ya ganda, ayafunike na mati na rovingi, kile kitambaa cha nyuzi za kioo zilizofumwa, pembe azizungushe zisiwe kali. Akaniuliza nafasi kati ya taruma na taruma, nikamwambia alete michoro na unene wa ganda Jumatatu tupige hesabu.